Mastaz ya HR Isiolo: Umesomea Kuajiri Watu, Sasa Wewe Nani Atakuajiri?

Wacha tuanze na swali linalouma. Chukua msee wa Bulapesa. Amemaliza shahada ya kwanza, akaongeza ya uzamili kwa usimamizi wa rasilimali watu, ile sisi wote tunaiita tu HR. Anajua kuandika mkataba, kupanga intavyuu, kuhesabu siku za likizo na kumwelezea mzee anayestaafu pensheni yake itatoka vipi. Anarudi Isiolo na gauni amelikunja vizuri ndani ya begi. Sasa huyu aliyesomea kuajiri watu, yeye ataajiriwa na nani?

Isiolo si Nairobi, tuelewane. Kaunti ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 25,000, karibu kama nchi nzima ya Rwanda, lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 pekee. Ofisi zenye idara ya HR ya ukweli, si ile ya karani mmoja na kabati ya mafaili, unaweza kuzihesabu kwa vidole na vingine vibaki.

Najua kuna wale watauliza mimi naongea nini kuhusu mastaz na chuo chenyewe sikumaliza. Sawa, mko na point. Lakini mimi ndiye huchapiwa message saa nne usiku, "bro niangalilie CV, deadline ni kesho." Kwa hizo CV nimesoma vitu.

Na hiki ndicho nimekuja kuamini: shida ya HR Isiolo si ati wasomi wamekuwa wengi kushinda kazi. Kazi iko, tena ya kumwaga. Shida ni kwamba kuajiri watu huku ni siasa kwanza, taaluma baadaye. Yaani ile kazi hawa wasomi wanatafuta ndiyo hiyo hiyo ingetibu ugonjwa unaowanyima kazi. Fikiria hiyo vizuri kabla hujaendelea.

Kwanza, hiyo karatasi inatoka wapi

Ukiwa Isiolo na unataka mastaz ya HR, wengi wanaangalia upande wa Meru, ama wanajituma hadi Juja na Nairobi, kwa JKUAT, UoN, Kenyatta na wengineo. Kwa mtu wa mjini, Meru ni matatu moja tu. Kwa mtu wa Merti, kama kilomita 200 kutoka Isiolo mjini, mambo ni tofauti kabisa. Hapo kabla ya kulipa ada unalipa nauli, keja na chakula. Tangu corona ya 2020 vyuo vingi vilihamisha madarasa ya uzamili kwenda mtandaoni, na hiyo imesaidia sana watu wa kaskazini, bora tu network isipotee wakati mwalimu ameanza kueleza takwimu.

Ada nayo ni laki mbili kwenda juu, kutegemea chuo. Na kumbuka huyu mtu mara nyingi bado ana deni la HELB la shahada ya kwanza. HELB wanataka uanze kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, na ukinyamaza sheria inawaruhusu kukupiga faini ya 5,000 kila mwezi. Kwa hivyo kuna wasee wanalipa karo ya cheti kipya huku cha zamani kikizalisha faini nyuma ya pazia.

Halafu kuna tasnifu. Masomo ya darasani yanaisha mwaka mmoja hivi, tasnifu inakukalia kichwani miaka mingine mitatu, ukingojea msimamizi asome sura ya pili. Ukipitia maktaba za mtandaoni za vyuo vyetu utakuta tasnifu kibao zenye jina "Kaunti ya Isiolo" kwa kichwa. Motisha ya wafanyakazi, utendakazi, mafunzo, ugatuzi. Kaunti hii imefanyiwa utafiti kushinda venye imefanyiwa mabadiliko.

Mastaz si leseni

Hapa ndipo wengi wanachomeka, na hakuna mtu huwaambia mapema.

Tangu 2012 Kenya iko na Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu. Hiyo sheria ilifanya HR ikae kama uwakili ama uhasibu: kuna taasisi ya kitaaluma, IHRM, kuna kujisajili, na kuna cheti cha kufanyia kazi ambacho unakihuisha kila mwaka. Kuna pia bodi ya mitihani, na mtihani wenyewe unaitwa CHRP. Ukiuliza wahasibu watakuambia hiyo ni kama CPA yao.

Sasa angalia venye inakuwa. Mtu anatumia laki tatu kwa mastaz, anafika kwa tangazo la kazi, anakuta wanataka shahada ya kwanza, usajili wa IHRM, cheti halali cha mwaka huu, na uzoefu wa miaka mitatu. Mastaz haijatajwa. Ama imetajwa huko chini kabisa kama "itakuwa faida zaidi." Mastaz inaanza kuwa lazima ukipanda ngazi, zile nafasi za naibu mkurugenzi kwenda juu. Yaani ni karatasi ya kupandia ngazi ukiwa tayari umeingia ndani ya nyumba. Kama bado uko nje ya geti, wanaangalia vitu vingine.

Sisemi usisome. Nasema mpangilio. Watu wanaanza na kitu cha bei kubwa kinachohitajika mwisho, wanaacha kitu cha bei ya chini kinachohitajika kwanza. Na chuo hakiwezi kukuambia hivyo, kwani chuo kinauza nini?

Milango ni mingapi

Tuhesabu basi. Jeshi tutaliruka, juu ingawa Isiolo imejaa kambi na Shule ya Askari wa Miguu iko hapa, KDF haitaki HR yako ya mtaani. Benki na supamaketi zinaajiri kutoka makao makuu. Hoteli za watalii huko Shaba na Buffalo Springs pia, mara nyingi maamuzi makubwa ya ajira yanafanyika Nairobi. Walimu ni wa TSC. Kwa hivyo tunabaki na milango miwili mikubwa: mashirika na kaunti.

Mashirika ndiyo yalikuwa ndoto. Isiolo ni mji wa NGO tangu kitambo, ukame ukiingia Land Cruiser zinaongezeka barabarani. Kazi ya HR kwa shirika ilikuwa na mshahara mzuri, bima, na mafunzo. Halafu ikaja Januari 2025. Trump aliapishwa tarehe 20 na siku hiyo hiyo akasimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mosi USAID kama tunavyoijua ilikuwa imefungwa. Hapa Isiolo na Marsabit kulikuwa na mradi mkubwa wa lishe, Nawiri, ukiongozwa na Catholic Relief Services kwa pesa ya USAID. Ulikuwa mmoja tu kati ya miradi mingi iliyoguswa kote nchini.

Kitu watu hawakuangalia ni hiki: miradi ikifungwa, mtu wa HR ndiye anaandika barua za kuwaachisha wengine kazi, anahesabu notisi zao, halafu mwisho anajiandikia yake. Na baada ya hapo soko linajaa watu wa HR wenye uzoefu wa miaka minane, kumi. Wewe uliyetoka chuo na mastaz na sifuri ya uzoefu unashindana na hao. Hiyo ndiyo hali ya mlango wa kwanza.

Tubaki na wa pili. Kaunti.

Mlango wenye mlinzi mkali

Kwenye karatasi, kaunti ndiyo mwajiri ambaye mtu wa HR angempenda kabisa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliweka Bodi ya Utumishi wa Umma kwa kila kaunti. Wanachama wanapendekezwa na gavana, bunge la kaunti linaidhinisha, na wanakaa miaka sita bila kurudia. Miaka sita si bahati mbaya. Ilipangwa bodi iishi kupita gavana mmoja, ili asije akaifanya ofisi yake ya kuajiri wapambe.

Hiyo sheria ina kifungu kingine ambacho ningependa kila mtu wa Isiolo akijue: kwenye nafasi za kuingilia, bodi inapaswa kuzingatia kwamba angalau asilimia 30 ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti. Ongeza Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, inayosema hakuna taasisi ya umma inafaa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ongeza katiba yenyewe, kifungu cha 232, kinachotaka ushindani wa haki na sifa kwa ajira za umma, na bado kinataka jamii zote ziwakilishwe, wanaume kwa wanawake na watu wanaoishi na ulemavu.

Isiolo iko na Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali, Wasakuye, na wengine. Ukitaka kuajiri kwa haki hapa, huwezi kufanya na kichwa tu. Unahitaji rejista: nani yuko kazini, ametoka wadi gani, jamii gani, jinsia gani, anastaafu lini. Hiyo ni kazi ya HR wa kusomea. Kabisa. Ni hesabu, si hisia.

Lakini kwa ground mambo ni tofauti. Siasa ya kaskazini huwa na makubaliano ya wazee kabla ya kura. Jamii hii inachukua ugavana, ile naibu, ile useneta, nyingine spika. Mimi sikatai hiyo, imezuia damu kumwagika mahali pengi. Shida inaanza makubaliano yakiteremka kutoka kwa viti vya siasa hadi kwa karani, dereva na afisa wa HR. Hapo CV inageuka kuwa cheti cha kuzaliwa. Na hii si Isiolo pekee, msije mkasema naiharibia jina. NCIC ilipokagua kaunti mwaka wa 2016 ilikuta nyingi zimejaza watu wa jamii moja kupita kiwango cha sheria.

Halafu kuna uchaguzi. Isiolo imefanya uchaguzi wa ugavana mara tatu na kila mara ikapata gavana mpya: Godana Doyo 2013, Mohamed Kuti 2017, Abdi Guyo 2022. Kila timu mpya inaingia na watu wake na ahadi zake, na inakuta waliowekwa na timu ya jana. Mwenye kandarasi anaanza kuhema. Wanaodai malimbikizo wanaambiwa wangojee ukaguzi wa wafanyakazi.

Juni 2025 mambo yakachemka zaidi. Bunge la kaunti likatangaza kwamba limempiga gavana Guyo kura ya kumng'oa. Kati ya mashtaka kulikuwa na madai kuhusu washauri walioajiriwa ofisini mwake. Yeye alikana. Kesi ilipofika Seneti mwezi Julai, maseneta wakaanza kwa kuuliza ikiwa hicho kikao cha kumng'oa kilifanyika kweli, wakaamua haikuthibitishwa, na ikaishia hapo. Mashtaka yenyewe hayakujadiliwa.

Siingilii nani alikuwa na haki. Nataka uone swali lilivyokuwa. Gavana anaruhusiwa washauri wangapi? Walilipwa kwa kiwango gani? Waliajiriwa kupitia nani? Hayo ni maswali ya HR, wasee. Ni ya somo la kwanza la muhula wa kwanza. Yalipelekwa mpaka Mjengo, mawakili wa suti kali wakaja, televisheni zikawasha kamera, na mpaka leo hatujapata jibu ambalo faili moja iliyopangwa vizuri ingetoa kwa dakika kumi.

Na kazi yenyewe imelala pale

Turudi kwa ile point yangu ya kazi ya kumwaga. Nipeni nafasi niitaje.

Ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti zilirithi watu wa baraza la zamani, zikarithi waliotoka serikali kuu, halafu zikaajiri wao wenyewe. Makundi matatu, kila moja na masharti yake, pensheni yake na hasira zake. Mpaka wa leo kuna kaunti zinazobishana kuhusu nani alikuwa wa nani.

Mishahara. Kanuni za fedha za 2015 zinasema kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kulipa wafanyakazi. Kaunti nyingi zinavuka hapo. Na Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, amekuwa akilalamika ripoti baada ya ripoti kwamba kaunti zinalipa watu wengine nje ya mfumo rasmi wa mishahara, kwa orodha za mkono. Orodha ya mkono ni mahali pazuri sana pa kuficha mfanyakazi hewa. Serikali imekuwa ikihamisha kila mtu kutoka mfumo wa zamani wa IPPD hadi mpya unaoitwa HRIS-Ke. Mtu anayejua kusafisha data ya wafanyakazi, kufananisha kitambulisho na namba ya kazi na akaunti ya benki, huyo ni dhahabu sasa hivi. Na hiyo haifundishwi sana kwa mastaz. Kule utafundishwa nadharia za motisha mpaka uchoke.

Vyeti feki. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi kwa taasisi zaidi ya 300 ulifichua vyeti 2,067 vya kughushi. Kila kimoja kilipita kwa meza ya mtu. Mtu alikiangalia, akakikubali, akafungua faili.

Afya ndiyo mfano unaouma zaidi. Mwaka wa 2018 Isiolo ilichaguliwa kuwa moja ya kaunti nne za majaribio ya afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos. Tulisherehekea. Baadaye, 2020, serikali ikaajiri wahudumu wa UHC kwa kandarasi kote nchini, zaidi ya 7,000. Kandarasi ikaongezwa, ikaongezwa tena, wakabaki na mishahara ya chini kuliko wenzao wanaofanya kazi ile ile kwa wodi ile ile. 2025 wakalala nje ya Afya House miezi na miezi wakidai ajira ya kudumu, huku serikali kuu na kaunti zikirushiana: wa kwako, la, wa kwako. Nesi anachoma sindano hajui mwajiri wake ni nani! Hiyo ni shida ya dawa? Ni shida ya rasilimali watu kutoka juu hadi chini.

Unaona sasa? Kaunti inahitaji mtu wa HR kama mgonjwa anavyohitaji daktari. Ila mgonjwa mwenyewe ndiye anaamua kama daktari ataingia, na kuna wale wa nyumbani wanaofaidika mgonjwa akibaki kitandani.

Basi msee afanye nini

Sina mistari kumi ya kukupa, hizo utazipata kwa wale motivational speaker. Nina machache tu ambayo nimeyaona yakifanya kazi kwa CV za watu.

Kama huna kazi kabisa, mastaz isubiri. Kajisajili CHRP, piga mtihani kidogo kidogo, jiunge na IHRM. Huo ndio ufunguo wa geti.

Ingia mahali popote unaposhika faili za watu. Ile programu ya mafunzo kazini ya mwaka mmoja ya Tume ya Utumishi wa Umma ni nzuri, hata kama posho yake haiwezi kukununulia ng'ombe. Usidharau kazi ya karani wa mishahara kwa sacco, shule ya kibinafsi ama hospitali ya misheni. Msee amewahi kuniambia anaona aibu kufanya ukarani na ana digrii mbili. Nikamuuliza, aibu na njaa, ipi inalipa rent? Karani wa mishahara anajifunza NSSF, SHA, PAYE na ushuru wa nyumba kwa vidole vyake. Miaka miwili ya hiyo inamshinda mtu aliyesoma sura nzima kuhusu malipo na hajawahi kulipa hata mtu mmoja.

Kama tayari uko ndani ya kaunti ama shirika, hapo mastaz iko na maana. Tena chagua mada ya tasnifu inayokusaidia kazini. Badala ya motisha tena, chunguza kwa nini orodha ya mishahara na orodha ya waliopo kazini hazifanani. Utapata maadui, lakini utakuwa mtu wa kwanza kuitwa mambo yakiharibika.

Na mjue haki zenu, juu nyinyi ndio mtakuwa mkizilinda kesho. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022: mwajiri hafai kukudai vile vyeti vya KRA, HELB, EACC, CRB na DCI kabla hajaonyesha nia ya kukuajiri. Cheti cha DCI pekee ni zaidi ya thao moja, na mtu wa Garbatulla anaongeza nauli ya kuja kuweka alama za vidole. Bado unakuta matangazo yanayodai bahasha nzima kabla hata ya kuitwa. Ukiwa HR ukaandika tangazo kama hilo baada ya kusoma miaka sita, tutakutafuta.

Kuhusu ile "mtu wetu ako ndani." Najua wengi mtaniambia hapo ndipo kila kitu kinaishia, na kwamba naongea kama mtoto. Labda. Lakini angalia venye hao walioingia kwa mlango wa nyuma wanavyoishi. Kila miaka mitano hawalali. Simu ya mheshimiwa ikizimwa, nao wamezimwa. Aliyeingia kwa tangazo lililochapishwa, akaorodheshwa, akahojiwa, alama zake zikawekwa kwa faili, huyo gavana mpya akimtoa anaenda Mahakama ya Ajira na karatasi mkononi. Majaji wamewarudishia watu kama hao kazi ama fidia mara nyingi. Faili ndiyo mtu wako wa ndani.

Sasa uchaguzi ni Agosti 10, 2027, na kila tunapokaribia hapo matangazo ya kazi huwa yanaongezeka. Bodi ikitoa lile lijalo, usikimbilie mshahara. Angalia kwanza nafasi ni ngapi, na ni za kudumu ama kandarasi. Kama ni kandarasi, hesabu inaisha mwezi gani. Ikiangukia Agosti 2027, hapo wametangaza kampeni, na wewe umeombwa kuandika CV.